"By Friday" ni mpaka Ijumaa ao ni mbele ya Ijumaa? Wajuzi wa Kiingereza tusaidiane

#1 Mtafsiri_Katindo (Goma)
Jambo wote. Naleta neno dogo ambalo limeumiza watu.

Shirika moja hapa mjini lilikuwa linagawa maturubai na sufuria. Barua yao ya Kiingereza ilisema kazi itamalizika "by Friday". Tangazo la Kiswahili lililobandikwa ubaoni likasema: "Ugawaji utafanyika mpaka Ijumaa." Basi kazi ikaisha Jumatano mchana. Ijumaa asubuhi jirani yetu mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, akafika na jetoni yake ya kupokelea vitu mkononi akakuta uwanja mtupu, walinzi wanakunja kamba. Hakuwa peke yake.

Tumebishana sana. Mmoja anasema mtafsiri hana kosa, "by" ni "mpaka". Mwengine anasema ni "mbele ya", yaani kabla ya. Kamusi yangu inanipa na, kwa, karibu na, kando ya, kupitia, kabla ya. Herufi mbili, maana sita! Hili neno linafanya nini hasa? Na Kiswahili chetu kinalo la kuliweka mahali pake?

#2 Prof_wa_Himbi (Goma)
Pole kwa huyo mama. Anayesema "by" ni "mpaka" amekosea, na kosa linaonekana ukitazama kitenzi kilicho mbele yake.

Kiingereza kina maneno mawili hapo. "Until" inafuata jambo linaloendelea: kungoja, kulala, kubaki, kuuza. Duka liko wazi until Friday, maana yake siku zote hizo ukija utalikuta wazi. "By" inafuata jambo lenye mwisho: kumaliza, kulipa, kufika, kurudisha. Lipa by Friday: ukilipa Jumatatu sawa, Jumatano sawa, Ijumaa yenyewe bado sawa, Jumamosi umechelewa. Kwa hiyo si "mpaka". Na si "mbele ya" pia, maana Ijumaa imo ndani.

Kiswahili kinalo: "kufikia Ijumaa", ao "ifikapo Ijumaa kazi iwe imekwisha". Huo "iwe imekwisha" ndio unaobeba mzigo wote. Wanafunzi wangu wa sekondari nawafundisha kutazama kitenzi kwanza, kihusishi baadaye.

#3 Mama_wa_Makala (Goma, soko la Virunga)
Asante Prof, lakini "kufikia Ijumaa" sokoni sijaisikia. Nikimkopesha mtu mfuko wa makala (mkaa) ninamwambia "Ijumaa isipite". Basi. Hawezi kuja Jumamosi na maneno, na hawezi kusema nilimkataza kulipa Jumanne.

#4 Prof_wa_Himbi
Mama, hiyo naichukua. Jumatatu itakuwa ubaoni darasani.

#5 Lushois_Kamalondo (Lubumbashi)
Bandugu jambo. Mi naona kosa haiko ya Kiswahili, iko ya Kifaransa. Sisi bote tulisoma mu Kifaransa. Mutu anasoma "by Friday", mu kichwa inapita kwanza "jusqu'à vendredi", kisha mukono inaandika "mpaka". Kifaransa iko na neno moja tu, njo ile inatuangusha.

#6 Maitre_Nyawera (Bukavu)
Ndugu wa #5, usikionee Kifaransa. Kuna "d'ici vendredi" (kufikia Ijumaa) na kuna "au plus tard vendredi" (Ijumaa ndiyo mwisho). Karatasi za mahakamani zimejaa hayo. Anayepita kwenye "jusqu'à" amejichagulia njia mwenyewe.

Niongeze hili kwa wanaosaini mikataba ya Kiingereza: msitegemee "by" peke yake. Watu hugombana kama Ijumaa yote imo, ao ni mpaka ofisi inapofunga. Mwanasheria makini anaandika tarehe, saa, na saa ya mji gani.

#7 Lushois_Kamalondo
Maitre, "d'ici vendredi" weye unaisikia ku tribinali. Mu quartier nani anaisema? Mi niko nazungumuzia mutu wa kawaida mwenye anatafsiri tangazo usiku, courant imekatika, telefone iko na asilimia tano.

#8 Maitre_Nyawera
Mtu wa kawaida wa Bukavu anaisema kila siku: "d'ici demain". Labda ni Lubumbashi ndiyo haisemi.

#9 Fundi_Kadutu (Bukavu)
Mimi "by" naijua kwenye mbao. Video za mafundi wa Marekani wanasema "two by four", na nilihangaika nikitafuta mbao ya inchi mbili kwa nne kamili. Kumbe hata kwao haiko hivyo. Ikishakaushwa na kupigwa randa inabaki inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, yaani milimita 38 kwa 89. Jina limebaki lile la zamani. Sisi tunanunua chevron na madrier kwa sentimita, na hapo pia pima kabla ya kulipa.

Hiyo "by" yetu ni "kwa", hakuna kubishana. Chumba cha mita tatu kwa nne.

#10 Mhasibu_Ibanda (Bukavu)
Afadhali fundi ameleta vipimo, kwa sababu "by" ya hesabu ndiyo inayotoa pesa mfukoni mwa watu. "Increased by" na "increased to" si ndugu.

Tuseme mfuko wa makala ulikuwa faranga 30,000. Ripoti ikisema bei imepanda by 5,000, sasa ni 35,000. Ikisema imepanda to 35,000, ni kitu kilekile kwa njia nyingine. Lakini nimeona ripoti ya Kiingereza yenye "reduced by 40%" ikitafsiriwa "imepunguzwa hadi 40%". Posho ya dola 100 iliyopaswa kubaki 60, wasomaji wakaelewa imebaki 40. Mkutano mzima uligeuka ugomvi, na aliyeandika Kiingereza hakuwa na kosa.

Kiswahili kinatenganisha vizuri kabisa: "kwa" ni kiasi kilichoondoka ao kuongezeka, "hadi" ni pale ulipofika. Tatizo ni haraka.

#11 Mswahili_wa_Pwani (Dar es Salaam)
Habari za huko Kivu. Nawasoma kwa hamu. Ila naona mnasema "by" ni "na" na pia ni "kwa" kana kwamba ni hiari. Si hiari. Mtendaji anachukua "na", kifaa kinachukua "kwa". Aliuawa na mwizi, kwa kisu. Kiingereza pia kinatenganisha: by kwa mtendaji, with kwa kifaa. Nyie ndugu zetu wa Kongo mnasema "alimukata na kisu", "nimekuja na moto". Mnachanganya.

#12 Mtafsiri_Katindo
Karibu kaka. Hatuchanganyi, ndivyo lugha yetu ilivyo. "Na" ya Kongo inabeba mtendaji, kifaa na mwenzi, na watu wanaelewana. Ukisema umekuja na moto, Birere yote inajua umepanda pikipiki, hakuna anayetafuta moshi.

Lakini swali lako lina kitu. "Aliuawa na jiwe" huku kwetu inaweza kuwa jiwe lilibingirika lenyewe, ao mtu alilirusha. Kwa Kiingereza "by a stone" inaelekea kwenye jiwe lililoanguka, "with a stone" inamtafuta mtu. Kwa anayeandika ripoti ya polisi hiyo tofauti ni kubwa sana.

#13 Lushois_Kamalondo
Dar es Salaam inakuya kutufundisha "na"! Karibu sana yaya, lakini lete na kahawa.

#14 Mlinzi_wa_Kivu (Goma)
Kwa ripoti, nina mfano wa kwetu kabisa. "Killed by the lake."

Kwingine duniani mtu akisoma hivyo ataelewa kwamba marehemu aliuawa kando ya ziwa, na mwuaji anatafutwa. Hapa Goma inaweza kuwa ziwa lenyewe. Mnajua mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mashimo na mabonde, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Upande wa Bulengo na Lac Vert mbuzi wanaanguka, watu wameanguka. Ziwa Kivu lenyewe lina gesi hiyo chini, kama kilomita za ujazo 300, pamoja na methani kama 60.

Sasa niambieni, msomaji wa Nairobi atajuaje kama "by the lake" ni mahali ao ni mtendaji? Kiswahili hakina shida hiyo hata kidogo: kando ya ziwa, ama na ziwa. Mimi ripoti zangu za Kiingereza naandika "near the lake" kila mara, hata kama haipendezi masikio.

#15 Prof_wa_Himbi
Mlinzi, umefanya vizuri. Wenye lugha yao wenyewe wanaigeuza sentensi hivyo wakiona itapoteza mtu.

#16 Mwanafunzi_wa_Historia (Bukavu)
Mimi nadhani tunatafuta maana sita wakati shina ni moja. Kiingereza cha kale kilikuwa na "bi", ndugu ya "bei" ya Kijerumani na "bij" ya Kiholanzi, na maana yake ilikuwa kando, karibu. Limejificha hata ndani ya maneno mengine: before, behind, below, beside, zote zina "be-" hiyohiyo. "Because" ni by na cause, waliiga Kifaransa cha zamani.

Ukianza na "kando", mengine yanafuata. Kando ya ziwa ni mahali. Kando ya Ijumaa: Ijumaa ikisimama pale, kazi tayari iko pembeni yake. Kando ya mkono wa mtu: kitabu kimetoka kwake. Kwa hiyo Mtafsiri, "by Friday" na "by the lake" ni neno moja.

#17 Mhasibu_Ibanda
Na "by 5,000" iko kando ya nini?

#18 Mwanafunzi_wa_Historia
Ni umbali. Bei mbili ukiziweka pembeni, nafasi iliyo katikati yao ni 5,000.

#19 Mhasibu_Ibanda
Hapo umelivuta neno mpaka limelia. Mimi naona matumizi mengine yamekua yenyewe, na mtoto hafanani tena na babu.

#20 Dada_wa_Uvira (Bukavu)
Ndiyo maana miji ya Uingereza inaitwa Derby, Grimsby, Whitby? Miji iliyo kando ya kitu?

#21 Mwanafunzi_wa_Historia
Hapana dada, hiyo "-by" ni nyingine kabisa. Waviking walipokalia mashariki na kaskazini mwa Uingereza walileta neno lao "býr", yaani shamba ao kijiji. Inafanana kwa sura tu. Na "bye" ya kuagana nayo ni nyingine: "goodbye" ni "God be with ye" iliyobanwa, Mungu awe nanyi.

#22 Maitre_Nyawera
Na "by-law", sheria ndogo ya mji? Mimi nilifundishwa ni sheria ya pembeni, chini ya sheria kuu.

#23 Mwanafunzi_wa_Historia
Wengi wanaifuata hadi kwenye "býr" hiyohiyo: sheria ya kijiji. Baadaye watu wakaisikia kama ya pembeni, na kweli maana ikasogea huko.

#24 Maitre_Nyawera
Basi tuko sawa wote wawili. Nitaendelea kusema ya pembeni.

#25 Mchungaji_Majengo (Goma)
Shalom. Ninyi mnasema "by" ya mtendaji ni ya tangu zamani. Fungueni Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, Matayo 4:1. Yesu anapelekwa jangwani kujaribiwa "of the devil". Si by. Zamani mtendaji alichukua "of", na kabla ya hapo hata "from". "By" ilishinda polepole. Kiswahili tangu mwanzo tunasema "na Ibilisi", na mtoto wa Sunday school anaelewa.

Kuna kingine katika Biblia hiyohiyo. Marko 6:25, binti wa Herodia anaomba kichwa cha Yohana "by and by". Msomaji wa leo anaelewa "baadaye kidogo", kana kwamba binti ana subira. Wakati ule ilikuwa "sasa hivi"! Binti hakutaka kungoja hata dakika. Nimesikia mahubiri mazima kwa Kiingereza yaliyojengwa juu ya subira ya huyo binti, na yamejengwa hewani.

#26 Mama_wa_Makala
Mchungaji, hapo nimewaelewa Waingereza. "Sasa hivi" ya mdeni nayo huwa inageuka "baadaye".

#27 Mtafsiri_Katindo
Mama 😂. Turudi kazini kidogo. Nimepewa nafasi ya kuandika tangazo la awamu ya pili. Nimeandika: "Ifikapo Ijumaa ugawaji utakuwa umekwisha." Mnaonaje?

#28 Mama_wa_Makala
Bado ningekuja Ijumaa asubuhi.

#29 Prof_wa_Himbi
Sarufi ni safi kabisa.

#30 Mama_wa_Makala
Sarufi haigawi sufuria, Prof. Mwenye kubeba ndoo tangu alfajiri atakamata neno Ijumaa tu. Andika siku ya kuanza: "Njooni kuanzia Jumatatu. Vitu vikiisha, tunafunga, hata kama Ijumaa haijafika."

#31 Mlinzi_wa_Kivu
Naunga mkono. Hata Kiingereza chao kilikuwa cha ndani ya ofisi. "Completed by Friday" ni ahadi kwa bosi wao, haimwambii mama aje lini. Mtafsiri wa kwanza alipewa sentensi isiyo yake. Angetafsiri sawasawa, mama bado angekosa.

#32 Prof_wa_Himbi
Sikubali kwamba kosa la tafsiri halina uzito. "Mpaka" iliahidi kwamba Ijumaa watakuta watu. Hiyo ahadi haikuwamo kwenye barua.

#33 Dereva_Kasumbalesa (Lubumbashi)
Mi niko napeleka mizigo ku Zambia, karatasi zote Kiingereza. Niongeze neno kwa ile ya Maitre kuhusu saa. Unapata ujumbe toka Nairobi: "documents by 5 pm". Saa ya Nairobi iko mbele yetu saa moja. Saa kumi na moja yao ya jioni, huku Lubumbashi na Goma ni saa kumi. Zambia tuko nayo sawa. Sasa ikitoka Kinshasa ni kinyume, bale banatufuata nyuma saa moja. Nimeona gari inalala mupaka siku mbili juu ya saa moja ile.

Na "by road" iko bila "the". Mwanzoni niliandika "by the road" ku fomu, muzambia mwenye ofisi akaniuliza kama niliacha mali pembeni ya barabara.

#34 Mswahili_wa_Pwani
Huyo Mzambia alikuuliza vizuri. By road, by boat, by bus, bila "the" wala "a". Lakini kwa miguu ni "on foot". Na gari likiwa lako, ni "in my car", huwezi kusema "by my car".

#35 Nahodha_wa_Goma_Bukavu
Mimi mashua ndiyo kazi yangu, na "by" yangu hamjaitaja. Kwenye dira ya Kiingereza kuna "north by east". Wengi wanadhani ni kaskazini-mashariki. Siyo. Dira ya zamani ina vituo 32, kila kimoja digrii 11 na robo. "North by east" ni kaskazini, kisha usogee kituo kimoja tu kuelekea mashariki. Kaskazini-mashariki iko digrii 45. Ukichanganya hizo mbili usiku kutoka Bukavu, huioni Goma, unakwenda kugonga upande wa Rwanda.

#36 Mhasibu_Ibanda
Mwanafunzi, hii nayo iko "kando"?

#37 Mwanafunzi_wa_Historia
Iko! Kaskazini, kidogo pembeni, upande wa mashariki. Hapa sijalivuta hata kidogo.

#38 Dada_wa_Uvira
Na pale inaposimama peke yake? "The bus went by." Hakuna kitu baada yake.

#39 Prof_wa_Himbi
Swali zuri. Ikiwa na jina baada yake ni kihusishi: by the church. Ikibaki peke yake na kitenzi ni kielezi: went by, stand by, put by. Kiswahili hakihitaji neno la ziada hapo, kitenzi kimeshalimeza. Basi limepita. Miaka imepita. "Put by" ni kuweka akiba. "Come by" ni kupata kitu, mara nyingi kwa shida. "Stand by" ni kukaa tayari, na "stand by me" ni kusimama upande wangu.

#40 Lushois_Kamalondo
Na "one by one"? Sisi tunasema moya moya.

#41 Prof_wa_Himbi
Ndiyo, Kiswahili kinarudia neno lenyewe: mmoja mmoja, kidogo kidogo. Ila "day by day" tuna "siku kwa siku", na kibarua wa "paid by the day" analipwa kwa siku. Hapo "kwa" inarudi.

#42 Fundi_Kadutu
Nimebakiza moja. Mzungu mmoja aliandika kwenye picha "he built this house by himself". Alijenga bila kulipa fundi, ao alikuwa peke yake pale kiwanjani?

#43 Mswahili_wa_Pwani
Yote mawili yanawezekana. "By himself" ni peke yake, na pia ni mwenyewe bila msaada.

#44 Fundi_Kadutu
Peke yake sikubali. Bati la mita tatu kwenye paa linashikwa na watu wawili, hata kama ni Mzungu.